Koti Juu ya Injini

Alhamisi, 14 Aprili 1966

Homa Bay, kwa basi. Mgongo hauna habari na mimi tena. Mzee Abdirashid, mwenye duka na gereji yetu hapa Migori, alinituma kwa mjane mmoja anayeuza omena, dagaa wa ziwani, jina lake Filister. Wenyewe humwita Mama Benta. Mumewe, Nashon, alikufa mwaka juzi akaacha pikipiki ya Kiingereza, silinda mbili, kubwa kama ndama. Haijawashwa tangu mazishi.

Nilitaka kuipakia niilete gereji. Haiwezekani! Shemeji yake, Dishon, anasema chombo cha marehemu hakitoki bomani mpaka mambo ya nyumba yaishe. Mambo gani? Nimeuliza, kila mtu akaangalia pembeni. Basi nitaifungulia palepale sebuleni, mlango wazi, kuku wakipita katikati ya spana.

Marehemu alikuwa na wazimu wa mbio. Usukani kaushusha mpaka unaendesha umelala kifudifudi juu ya tenki. Madigadi kang'oa. Ekzosi tupu, hakuna sailensa. Filister anataka kinyume chake: usukani uinuliwe, kiti kishuke, kioo cha kukinga upepo mbele, na masanduku mawili nyuma ya kubebea omena hadi Masara kwa wachimba dhahabu. Nikamwuliza nani ataiendesha. Akanitazama kama nimeuliza nani atakula ugali wake.

Jumapili, 17 Aprili

Jana hakuna kazi, yeye ni Msabato. Juzi hakuna kazi, mimi Muislamu. Wiki yetu imeliwa na Mungu pande mbili.

Leo nimesafisha kabureta, nimebadilisha plagi, nimetia petroli mpya. Kiki, kimya. Kiki, ikapiga chafya. Kiki ya tatu ikanguruma — mngurumo gani huo! Mabati ya jikoni yalitetemeka. Nikacheka peke yangu.

Halafu nikamwona bibi kizee akija mbio kutoka nyumba ya juu, miguu mitupu, akiita, "Nyathina! Nyathina!" Hata mimi wa Pumwani, Nairobi, nisiyejua Kijaluo nilielewa. Mwanangu, mwanangu. Ni Jerusha, mama yake marehemu. Alifika mlangoni, akaona ni mimi, akakaa chini pale kwenye matope.

Nilizima haraka. Nilijisikia mwizi, na sikuiba kitu. Filister alimwinua, akampeleka kwake, akarudi akasimama karibu na tenki. "Fundi, hiyo sauti utoe kwanza. Hayo mengine baadaye."

Nimewahi kuombwa nitoe moshi, nitoe mgongano, nitoe uvujaji wa mafuta. Sijawahi kuombwa nimtoe mtu kwenye ekzosi.

Jumanne, 19 Aprili

Injini haina nguvu, silinda ya kushoto inapumulia kwenye valvu. Nimefungua kichwa cha injini. Kaboni tele! Nikaanza kusaga valvu. Filister akaketi kwenye kigoda, akatazama kidogo, akaomba kijiti cha kusagia. Akasaga ya pili mwenyewe, mkono mwepesi, akiinua kila mara aangalie kama ukingo umeng'aa mzunguko mzima. Nani kakufundisha? Nashon, anasema. Ndiye pia aliyemfundisha kuendesha, kwenye uwanja wa mpira. Alivyosema jina lile, sikuuliza zaidi.

Alasiri mvua. Si mvua, ni ziwa limegeuka juu chini. Na paa lake linavuja! Maji moja kwa moja juu ya silinda zilizo wazi. Nilivua koti langu la mvua, lile zito la baba yangu alilotoka nalo jeshini, nikaifunika injini. Nikamwambia mwenye nyumba asiyekarabati paa ana roho ngumu. Akasema, haijaruhusiwa. Nani hajaruhusu? Akaendelea kukinga maji kwa sufuria.

Basi la mwisho likapiga honi barabarani. Nimerudi Migori na shati tu, nimelowa mpaka mfupani. Koti limebaki. Nitalichukua keshokutwa.

Alhamisi, 21 Aprili

Sielewi kitu.

Nimefika, paa lina nyasi mpya! Wanaume bado wako juu wanafunga. Juzi haijaruhusiwa, leo imeruhusiwa. Nikasema vizuri, injini haitanyeshewa. Wakacheka wote, mmoja karibu aanguke.

Jerusha akanimwagia maji mikononi yeye mwenyewe. Nimeletewa kuku. Nimewekewa firigisi! Na tena wamemwita kijana Muislamu wa pale sokoni aje amchinje, nisipate taabu. Heshima hiyo kwa fundi wa pikipiki? Dishon alipita uani, hakunisalimu, akatema mate kwenye maua.

Koti langu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ukutani, karibu na mlango wa chumbani, limefutwa mafuta, limenyooshwa. Nilinyoosha mkono kulichukua. Jerusha akaacha kuzungumza. Wale wa juu ya paa wakaacha kufunga. Filister akawa ameshika kichwa cha injini, hakutazama juu. Sijui kwa nini, mkono wangu ulirudi wenyewe.

Nimerudi bila koti tena. Mvua haikunisahau.

Ijumaa, 22 Aprili

Baada ya swala nilimweleza Mama Kaltum, mke wa Mzee Abdirashid. Ameishi na Wajaluo tangu msichana, anawauzia nguo, anajua kila kitu chao. Alicheka mpaka akashika mlango.

Kumbe! Mjane hapa lazima achukuliwe na mwanamume wa ukoo, jater wanamwita. Kabla ya hapo, nyumba haiguswi, paa haliezekwi, chombo hakitoki. Dishon ndiye aliyekuwa kwenye foleni. Mwanamume akishaingia, vya nyumba viko chini yake, na pikipiki ni cha kwanza. Dishon ana hamu nayo kuliko na mjane. Filister amekataa muda wote huu, kanisa lake pia limekataa. Lakini kuna njia ya katikati kwa watu wa kanisa: likitundikwa koti la mwanamume, hata wa nje, ndani ya nyumba likalala, wazee wenye huruma husema basi, nyumba imepata mtu.

"Kwa hiyo, Abdurahman," akasema, "wewe umeoa kwa koti. Hata pilau hatujala."

Nikamwambia nilifunika injini. Akasema najua, lakini koti halikulala kwenye injini, lililala kwenye msumari.

Nani alilitundika?

Jumapili, 24 Aprili

Nilipanga kumwuliza mara tu nifike. Nikafika, nikaanza na usukani. Nimejaza bomba mchanga mkavu, nikaziba pande zote mbili, nikapasha moto, nikapinda taratibu lisijikunje. Nikashusha kiti. Nikabadilisha sproketi ya mbele inayozungusha cheni, hii ina meno machache, itavuta mzigo mlimani ingawa mbio itapungua. Nikafunga sailensa ya lori niliyoikata na kuijaza sufi ya chuma. Kazi ya siku mbili nimeifanya kwa moja, ili tu mdomo usipate nafasi.

Mwisho nikauliza. Alikuwa anashikilia bolti upande wa pili, hatuonani, tenki katikati yetu.

"Nilitundika ikauke tu," akasema. "Asubuhi mama mkwe akaingia, akaiona, akaacha kulia. Nikaiacha."

Nikakaza nati ambayo ilikuwa imekaza tangu zamani.

Nikamwuliza, sasa mimi ni nini hapa? Akasema mimi ni fundi. Kisha akasema, kama nataka koti, ni langu, yuko tayari kunirudishia. Kisha akaniomba spana namba kumi na mbili. Jibu gani hilo? Ni majibu matatu!

Tulipowasha, sauti ilikuwa nyingine kabisa. Nzito, ya chini, kama mtu anayeongea na mtoto aliyelala. Jerusha akaja, safari hii akitembea. Akasikiliza, kichwa upande. Akauliza kwa Kiswahili chake, "Hii sasa sauti ya nani?"

Filister alinitazama, nami nikatazama ekzosi.

Koti nimeliacha. Nilisema ni kwa sababu hakuna mvua. Mawingu yalikuwa meusi tii.

Jumatano, 27 Aprili

Dishon amekuja Migori. Sikutegemea. Nilishika spana kubwa, nikaona aibu, nikaiweka. Hakuja kwa fujo. Aliketi juu ya tairi, akakubali chai.

Akasema yeye na Nashon walilala mkeka mmoja utotoni. Nashon aliponunua pikipiki ile, wa kwanza kubebwa ni yeye. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa mkono wa shati. Nilikuwa na hasira yangu tayari, ikakosa mahali pa kukaa.

"Fundi, wewe ni mgeni, sikulaumu," akasema. "Lakini hiyo koti toa. Koti haiwezi kulima. Haiwezi kuzika mtu. Kama ni wewe, kuja wewe. Kama si wewe, toa, mimi niingie."

Wazee watakaa Jumatano ijayo. Siku hiyo koti liwe na mtu ndani, au lisiwepo.

Akaondoka. Hakumaliza chai.

Ijumaa, 29 Aprili

Homa, mafua, kifua. Ndiyo malipo ya kutembea Aprili bila koti. Mama Kaltum ananipa tangawizi na maneno. Anasema nunua koti jingine au kachukue lako, lakini mtu hasimami mlangoni mvua ikinyesha, analowa nusu na kukauka nusu.

Nikilitoa, nimempa Dishon pikipiki, na biashara ya omena imekwisha, na Filister atakuwa wa mtu asiyemtaka. Nikiliacha, nimekuwa mume wa nyumba ambayo sijui hata wanasalimiana vipi asubuhi. Ananitaka mimi, au anataka koti tu? Koti ni rahisi kuishi nalo. Halikoromi.

Na mimi? Nampenda? Nimeandika swali hili nikalifuta, nimeliandika tena. Najua kwamba jana nilisikia pikipiki barabarani nikakimbia nje na sabuni usoni. Alikuwa askari wa polisi.

Injini inasema. Valvu ikivuja utasikia, cheni ikilegea utasikia. Huyu mwanamke nasikiliza, nasikiliza, sipati hitilafu iko wapi. Labda hitilafu iko upande wangu.

Jumapili, 1 Mei

Sikwenda. Nilipanga kwenda. Nilifika stendi, nikapanda basi, nikashuka. Kondakta ameniita majina.

Jumanne, 3 Mei

Mvua tangu alfajiri. Niko chini ya lori la mchanga, nikasikia sauti ile, nzito, ya chini, kutoka upande wa Rongo, njia ya Homa Bay. Nikaijua kabla sijatoka chini. Na silinda ya kushoto inakosa kulipuka, mara moja katika kila tano.

Ni yeye! Barabara yote ile ya matope, peke yake, masanduku yamejaa omena, suruali ya marehemu chini ya gauni. Wanawake wa sokoni wamesimama, wanaume pia. Na amevaa koti langu. Mikono imemzidi, ameikunja mara mbili. Kwa hiyo limetoka kwenye msumari. Kwa hiyo Dishon anaingia — au siyo? Sijui!

Akasimama mbele ya gereji, hakuzima.

"Silinda ya kushoto inakosa," akasema.

Nikasema nimesikia. Nikamwambia azime, nikabadilisha plagi, mvua ikinipiga mgongoni, yeye amesimama juu yangu na koti lile, na ilikuwa kidogo nicheke. Akapiga kiki, injini ikatulia. Akazima. Akavua koti, likichuruzika, akaingia gerejini akatafuta kwa macho, akalitundika kwenye msumari wangu mimi, pale ninapotundika mikanda ya feni.

"Nimeileta," akasema. "Kesho wazee wanakaa. Kama ni yako, baki nayo. Kama ni ya nyumba, narudi nayo leo, na kesho ukuje wewe mwenyewe uvae mbele yao. Ikikauka uniambie. Sitaendesha na nguo ya maji."

Hakunitazama akisema hivyo. Alikuwa anatazama plagi ya zamani mkononi mwake, anaifuta masizi kwa kidole, anaifuta, anaifuta.

Yuko kwa Mama Kaltum sasa, barazani, anakunywa kikombe cha nne cha chai ya maziwa. Mvua imekatika. Jua limetoka kali, mabati yanatoa mvuke, gereji ni tanuri. Mimi nimekaa chini ya msumari naandika haya, kalamu ya mbao, mikono ina grisi. Barabara inakauka. Masara bado hajafika, na lazima arudi Homa Bay kabla mvua ya jioni haijaanza.

Anaita kutoka barazani. Anauliza kama koti limekauka.

Nimesimama nimeligusa. Kola, mifuko, mpaka pindo la chini. Limekauka kabisa.

Nimemwambia bado.