Usiifungue Pakiti Ile ya Piko

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Amira,

Na hao waandishi watano unaosema umewasoma ni mtu mmoja. Hilo ndilo nililokuwa nakwambia jana simu ilipokatika, au ulipoikata, sijui, wala sitaki kujua. Nimeona bora nikuandikie. Barua haikatwi, na huwezi kunijibu kabla sijamaliza.

Lakini nisikose adabu kwa ajili ya hasira. Hujambo, mwali wetu? Lindi hamjambo? Baba Mdogo mguu wake unaendeleaje, ameanza kukanyagia? Mwambie shikamoo yake naileta mwenyewe. Na Mama Mdogo Mboni nasikia hali wala halali kwa ajili ya harusi yako. Mwambie apumzike, watu watakula tu hata kama vitambaa vya meza havifanani.

Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Amira, wiki saba za ndoa na bado Hussam akipanda ngazi anabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, mara tatu, taratibu, eti bibi harusi habishiwi hodi moja. Ufunguo anao mfukoni! Asubuhi ananipigia pasi baibui langu kabla ya shati lake. Juzi nilimkuta amelala na kitabu usoni, nikakaa pale nikimtazama mpaka chai ikaungua, kama chai inaweza kuungua. Yangu iliungua. Mungu akupe na wewe kwa Shukuru wako raha hii hii, na zaidi.

Basi, mazuri nimeyasema. Yaliyobaki yananuka.

Unamkumbuka Caroline, yule binti wa Masasi anayeuza khanga kwenye duka la chini yetu? Ndiye aliyecheza harusini kwangu mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Siku ile alipakwa piko nyeusi na Bi Hamdiya, mpambaji wetu, mkono mmoja na wewe, kikombe kimoja na wewe. Mimi peke yangu nilipakwa hina nyekundu tupu, kwa sababu mama mkwe alikataa. Alisema, "Mwanangu haoi mikono ya lami." Nililia siku ile, Amira. Niliona kanikosesha urembo. Leo naibusu mikono yake kila nikimpelekea chai.

Caroline baada ya harusi yangu alijikuna siku mbili, yakaisha. Nawe ulijikuna, uliniambia mwenyewe, ukasema ni joto la Dar. Mwisho wa Julai dada yake akaolewa, Caroline akarudi kwa Bi Hamdiya. Namba nilimpa mimi. Nilimsisitiza, nikamwambia hakuna mpambaji kama yule.

Siku ya tatu alipanda kwetu amefunika mkono kwa kitenge. Alipofunua, malengelenge yalikuwa yamefuata maua yaleyale, jani kwa jani, kikonyo kwa kikonyo, kama mtu amechora upya kwa usaha. Pale palipokuwa na ua kubwa kwenye kiganja ngozi ilikuwa imevimba, inang'aa, inavuja maji ya njano. Na harufu. Nilikimbilia chooni nikatapika, yeye akawa ananiomba radhi mlangoni. Aniombe radhi yeye! Hospitali walimpa dawa, na daktari akamwambia asiguse tena rangi nyeusi ya nywele maisha yake yote, maana mwili ukishaikataa hausahau. Makovu yapo. Ana bustani mkononi ambayo hakuipanda.

Alhamisi tulimfuata Bi Hamdiya, mimi na Caroline. Nilidhani ataona aibu. Hakusimama hata.

"Kwani nimempaka yeye peke yake? Msimu huu nimepaka zaidi ya arobaini. Huyu ana damu chafu."

"Bi Hamdiya," nikamwambia, "damu yake uliipima lini?"

"Hebu nipishe, mtoto. Jana tu umeolewa, leo umekuwa daktari." Akachomoa simu yake, akatusukumia usoni. "Someni. Faida za piko ya asili. Mtandao mzima unaisifu. Si mumeo ndiye anayefundisha watu mtandao? Akufundishe na wewe!"

Wakati anacheka nilitazama nyuma ya mlango. Palikuwa na beseni limejaa maboksi matupu ya rangi ya nywele ya unga. Hayo ndiyo majani yake ya asili. Hayo anayakoroga kwenye kikombe cha kahawa, anayafunga kwenye vipakiti vyenye picha ya ua, anawatumia maharusi kwa basi. Nilichukua boksi moja nikalitia mkobani. Pembeni limeandikwa kwa herufi ndogo kwamba ni la nywele tu, lisiguse ngozi. Kinyaa kilichonishika sijakimaliza mpaka leo. Ninanawa mikono ovyo kama mwendawazimu.

Sasa nikueleze habari ya Hussam, na usicheke ukisema naanza tena. Unajua yeye ni mkutubi kwenye maktaba ya chuo mjini. Jumamosi anafundisha bure juu ya duka la ami yake, Mzee Mbaruk, yule muuza vifungo na zipu. Kompyuta ni sita za mtumba, watu kumi na moja, feni moja. Anawafundisha kutafuta habari mtandaoni, na namna ya kujua habari ipi ni ya kushika na ipi ni ya kutupa. Zamani nilidhani ni jambo la kupoteza muda. Nani hajui kutafuta? Unaandika, unabonyeza, yanakuja.

Jumamosi hii alilichukua boksi langu, akaandika ubaoni mistari miwili. Wa kwanza, "faida za piko". Wa pili, lile jina refu la kemikali lililo kwenye boksi, na mbele yake "ngozi" na "malengelenge". Nusu ya darasa watafute wa kwanza, nusu wa pili.

Amira, ilikuwa kama dunia mbili. Waliotafuta faida walipata faida: piko inang'arisha, piko inapoza mwili, piko inaleta mapenzi. Waliotafuta jina la boksi walipata mikono kama ya Caroline, mikono ya watoto, mgongo wa mtalii aliyechorwa ufukweni.

Hussam akasema ukiuliza faida utaletewa faida, hata ukiuliza faida za kumeza misumari. Mashine haikujibu ukweli, inakuletea ukurasa wenye maneno uliyoandika.

Mzee Mbaruk akashika kidevu. "Yaani ni kama mpiga debe wa hapa chini? Namwambia nataka zipu, ananivuta mkono mpaka duka linalomlipa?"

"Hasa, Ami. Na anayepiga kelele mlangoni si lazima awe na mali ndani."

"Basi mimi nimefuata wapiga debe miaka mitatu kwenye simu hii," akasema mzee. Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka.

Hivyo ndivyo ulivyofanya wewe, mdogo wangu. Jana uliniambia, "Dada Nawal, nimetafuta mwenyewe, kurasa tano zote zinasema salama." Nikakuuliza uliandika nini. Ukasema, "Faida za piko ya asili kwa bibi harusi." Sikukulaumu. Mimi mwenyewe mwezi uliopita nilitafuta "faida za kuolewa mapema", nikafurahi siku nzima.

Kurasa hizo tano ndizo zilizotangulia kwenye utafutaji wa darasa, na Jumamosi tulikuwa tumezifungua zote. Zote zinasema piko "inaifanya mikono iwake kama mwezi wa kumi na nne", neno kwa neno, kana kwamba watu watano wameota ndoto moja. Hakuna jina la mwandishi, wala tarehe, wala aliyesema ametoa wapi. Hussam akawaambia washuke mpaka mwisho kabisa wa ukurasa, pale ambapo watu hawafiki. Palikuwa na namba ya simu ya kuagiza. Caroline akaanza kuiandika kwenye simu yake kwa mkono wake mzima, na kabla hajaimaliza, simu ikamletea jina yenyewe. Bi Hamdiya Mpambaji.

Caroline akaiweka simu mezani kifudifudi, kama mtu anayefunika chakula kilichooza.

Halafu Hussam akatufungulia hifadhidata ya makala za kitabibu. Ni kama ghala la mtandaoni, ila huwezi kuingiza mzigo wako mpaka wataalamu wengine waukague kwanza. Zipo kwa Kiingereza, lakini alitusomea taratibu. Makala tatu zilisema jambo moja: wengi mara ya kwanza hawaoni kitu, au wanajikuna kidogo tu. Wakipakwa tena ndipo mwili unapolipuka. Nilisimama nikatoka nje, nikashika nguzo ya ngazi. Nilikuwa nakufikiria wewe na ule muwasho wako uliousingizia joto la Dar, na pakiti iliyofika kwa basi wiki iliyopita, ambayo uliniambia kwa furaha umeiweka kabatini chini ya nguo zako za harusi.

Ndiyo maana nilikupigia jana nikipayuka. Ulipokasirika ulisema neno ambalo nimekaa nalo usiku kucha. Ulisema, "Dada, tazama mikono ya yule bibi harusi kwenye ukurasa wa kwanza. Mikono laini kama ile, ni mikono iliyopakwa sumu?"

Amira, hilo ndilo ambalo sikuwahi kukujibu.

Niliporudi darasani Jumamosi ile, Hussam alikuwa amesimama mbele ya picha hiyohiyo, amesahau kufundisha. Mwisho akasema, "Mikono hii naijua."

Mzee Mbaruk akamrukia, "We kijana! Kila mkono wa kike mjini unaujua?"

"Huu tu, Ami."

Darasa likavunjika mbavu. Mimi nilisimama mlangoni na uso wangu ukawaka. Akaonyesha kutafuta kwa picha badala ya maneno: unaipa mashine picha, inakuonyesha kwingine ilikowekwa. Ikaileta kwenye ukurasa wa dada yetu Shahd, tarehe ya harusi yangu. Ni mikono yangu, mdogo wangu. Bi Hamdiya aliipiga nilipokuwa nimekaa ndani, chumbani, kati ya wanawake, akamtumia Shahd ikiwa bado nyekundu, kisha akaipaka weusi kwenye simu yake, akaitundika pale iuze sumu yake. Hina yangu nyekundu aliyonipaka kwa mkono wake, akijua fika mama mkwe amekataa piko! Siku ile alinibusu paji la uso. Nikikumbuka lile busu najisikia kulisugua kwa jivu.

Usiniamini kwa sababu mimi ni dada yako. Ifungue picha sasa hivi, uikuze, utazame kidole gumba cha kushoto. Utaona kovu fupi lililopinda. Wewe unalijua kuliko Hussam. Ulikuwepo nyumbani kwa Bibi nilipojikata kwenye mbuzi ya nazi, ulilia kuliko mimi, na ni wewe uliyenifunga kwa kipande cha gauni lako. Mikono uliyoisifu ni hii inayokuandikia, na haijawahi kuguswa na piko.

Boksi na picha za mkono wa Caroline tumempelekea afisa afya wa kata. Amesema atafika pale. Tutaona, na asipofika tutarudi kukaa mlangoni kwake. Shahd naye ametaka picha iondolewe. Jumamosi ijayo darasa linaandika ukurasa wa Kiswahili juu ya piko, wenye majina yetu, tarehe, na tulikoyatoa, ili msichana mwingine akitafuta faida akutane na sisi pia. Caroline amekubali mkono wake upigwe picha. Alisema, "Na huu nao uwe mtandaoni. Ila chini msiweke namba ya kuagiza." Tukacheka mpaka akalia.

Pakiti yako usiifungue. Usimpe mtu, na usiitupe jalalani ikaokotwa na mwingine. Ifunge kwenye mfuko, uniwekee. Na kama moyo bado unabisha, tafuta tena, lakini safari hii uliza kama mtu asiyejua jibu.

Nisalimie Mama Mdogo Mboni na Baba Mdogo, na Bibi umwambie kovu la mbuzi yake lina kazi mjini. Shukuru mwambie shemeji yake anamtazama kwa macho yote mawili. Hussam anakusalimu, amekununulia zawadi ambayo nimekatazwa kuitaja, na mimi kutunza siri ya mume wangu ni kazi ngumu kuliko zote. Mwenyezi Mungu akutie nuru usoni, akulinde ngozi yako na akili yako, na akujaalie nyumba ambayo hodi yake haikuchoshi.

Jumatano tarehe 27, kabla mwezi huu haujaisha, tutashuka stendi ya Lindi mimi na Hussam. Majani ya hina ninayo, ya kijani, nimeyachambua mwenyewe, nitayatwanga mbele yako. Ijumaa nitakupaka nyekundu, kama nilivyopakwa mimi. Ninachokuomba ni kimoja tu, nikukute na mikono mitupu.

Dada yako akupendaye hata ukimkatia simu,
Nawal