Maneno Mbili Kwenye Chupa

Jumatatu, 1 Septemba

Maracuja, tunda la pasheni, kilo kumi na mbili toka Nyamyumba. Nimekamua mwenyewe, nimechuja mara mbili. Chupa arobaini. Hakuna mutu Gisenyi anatengeneza jus kama mi. Sijivuni, nasema tu.

Lebo niliyochapisha mwezi jana inauza kuliko mi. Njano, picha ya tunda, duara ya kusema imekaguliwa, na SANS SUCRE, bila sukari, kwa herufi kubwa. Yote nilitoa kwenye chupa niliyoleta toka Dubai. Nilikaa Dubai siku mbili, lakini macho yangu ilifanya kazi ya mwaka. Sukari naweka, bien sûr. Maracuja bila sukari inakunja uso. Lakini Kifaransa kwenye chupa ni kama marashi. Nani anasoma marashi?

Hata muzee Rajabu, fundi cherehani wa baraza ya jirani, sasa anakunywa. Zamani alikuwa anakataa, eti tumbo. Tangu lebo ije, moja kila siku. Namupa bure. Ni yeye tu ananiuliza nimeamka namna gani. Watoto wangu wako Kigali, wananitumia picha.

Jumatano, 3 Septemba

Watu wa viwango wa serikali wanazunguka soko, wanageuza chupa na mikebe ya wengine. Nikafunga mulango, nikajifanya nimeenda kula. Nikala kweli, mi na ukuta.

Rajabu akanipigia kelele toka kwa mashine yake, na lile jina alilonipa: "We Dubai! Leo umekosana na nani?"

Leo amekwenda choo mara nane. Nimehesabu, sina kazi ingine. Nikamucheka: cherehani inakwenda, na fundi anakwenda. Akacheka kidogo tu. Amekonda, huyu muzee.

Ijumaa, 5 Septemba

Mashine kimya.

Zaina, binti yake, amepita saa tano. Baba yake ameanguka asubuhi akijitayarisha kwenda musikiti. Yuko hospitali. Sukari imepanda sana. Miaka sita ana ule ugonjwa, alikuwa anatuficha sisi wa soko. Muuguzi alimufundisha maneno mbili ya kutafuta kwenye chupa, kwa sababu Kifaransa hajui.

Halafu Zaina akanishika mukono. "Papa Claude, asante. Sisi tunafuata masharti yote. Hata jus, anakunywa ile yako tu."

Nilisema pole. Nilisema Mungu atasaidia. Basi. Mi muoga.

Jumamosi, 6 Septemba

Zaina amepiga simu. Muzee anaomba jus.

Nimepeleka maji. Nikasema jus imekwisha. Chupa ishirini na sita ziko chini ya kitanda changu, na nilisema imekwisha. Rajabu amelala, midomo imekauka. Nikamufungulia maji, nikamushikia chupa.

Daktari ameongeza dawa ya sindano, anasema kwa chakula anachokula dawa ya zamani ingetosha, haelewi sukari inatoka wapi.

Mi naelewa.

Jumatatu, 8 Septemba

Sikulala. Zaina alikuwa ameniambia jana: wakikosea kipimo cha dawa, akirudi nyumbani, sukari inaweza kushuka ghafla na hiyo inaua upesi zaidi. Aliniambia kama mutu wa nyumbani. Na kipimo wamekiweka kwa sukari ya jus yangu, bila kujua. Donc nikaenda.

Nilisema mbele ya daktari, mbele ya Zaina, nimesimama. Kilo mbili za sukari kwa beseni. Lebo ni ya kuiga. Ile duara hakuna mutu aliyenipa. Daktari akaandika, akatoka haraka.

Zaina hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Rajabu akaangalia dirisha. Nikafikiri hakusikia. Halafu: "Nilisoma, Dubai. Nilisoma mi mwenyewe."

Nimerudi kwa miguu. Moto, zile pikipiki za abiria, ilikuwa nyingi, sikutaka mutu nyuma wala mbele yangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimejipeleka kwa watu wa viwango na chupa zote. Mama mumoja wa pale, kijana kuliko binti yangu, akauliza: "Nani alikuruhusu hii alama?" Nikasema mi. Akauliza tena, alifikiri natania.

Wamechukua lebo zote. Nimefungiwa. Mpaka wapime jus, wakague mahali pa kukamulia, na kila kitu kilicho ndani kiandikwe nje. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, na formulaire ina kurasa tisa. Nimejaza. Kwa mustari wa sukari kalamu ilisimama kidogo.

Rajabu ametoka hospitali. Nimeambiwa na muuza mukate.

Jumapili, 5 Oktoba

Baraza ya jirani kimya bado. Anashonea nyumbani. Nimepeleka samaki, Zaina akapokea mulangoni, akasema asante, akafunga.

Naongea na redio. Redio haiulizi nimeamka namna gani.

Jumapili, 16 Novemba

Nimefungua juzi. Lebo ni nyeupe, haina picha. Maji, maracuja, sukari. Nimeuza chupa tatu.

Saa kumi Rajabu amekuja, na fimbo. Akachukua chupa moja kwenye meza, akavaa miwani. Akasoma na kidole, neno kwa neno, mpaka chini. Mi nilisimama kama mutoto wa shule.

Akairudisha. Akavuka barabara, akanunua maji chupa mbili, ya kumupelekea Zaina na yake. Akarudi. Akaketi kwenye benchi yangu, akafungua maji yake, akanywa pole pole.

Nikaketi pia. Tukakaa mpaka jua likashuka.