Nani Atavaa C

Jumatatu, 4 Agosti

Zipu sita leo. Suruali mbili za kupunguza, sare moja ya shule iliyopasuka kwapa. Neema alikataa uji. Nikamwambia uji ni huo huo hata akilia. Akalia. Akanywa. Vumbi la reli limeingia kwa cherehani tena.

Grupu ya chuo chetu cha ufundi imeamka kwa simu. Kamati imeandika kwamba siku ya kurudi chuo mwaka huu hatutaitwa kwa mwaka tuliomaliza. Tutaitwa kwa kitu tulichopenda. Kwaya waite kwaya, netiboli waite netiboli, wa mapishi waite wenzao. Kila kikundi kilete zawadi moja kwa chuo. Wazo la dada yetu Akinyi, wakaandika. Makofi. Maua.

Wazo la Akinyi.

Ni langu. Nilimwambia mimi, mwezi wa tano, tukila mahindi ya kuchoma hapa kwa kibanda changu Laini Saba. Alikuwa analalamika kwamba mwaka jana walikuja watu kumi na mmoja na pilau ikarudi jikoni. Nikamwambia, mimi sikumaliza, sasa mwaka wangu ni upi? Lakini niite netiboli uone kama sitakuja na mguu mmoja. Akacheka. Kumbe alikuwa anameza maneno yangu.

Jumanne, 5 Agosti

Nina wivu. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 7 Agosti

Wamemfanya mkubwa wa netiboli. Akinyi! Hajawahi kuingia uwanjani hata mechi moja. Miaka miwili alikaa kwa benchi pembeni. Kapteni nilikuwa mimi. Herufi ya mchezaji wa katikati, C, ilikuwa mgongoni kwangu. Timu yote naijua vile najua vidole vyangu.

Jioni akatuma picha. Amejishonea fulana ya mechi, ya kijani, ya kufunga kwa kamba, amesimama mbele ya kioo cha duka lake kule Gatina, mkono kiunoni. Nyuma yake cheti chake cha ushonaji kiko kwa fremu. Kifuani, C.

Nilikata uzi kwa meno mpaka ufizi ukatoa damu.

Jumamosi, 9 Agosti

Amekuja. Na ndizi za Neema, kama kawaida yake.

"Niaje Mama Neema."

"Poa."

Anatafuta wachezaji. Chuo kimempa orodha yenye majina ya kitambulisho na hakuna mtu anashika. "Nampigia huyu Jacinta Nduku, anakata. Anafikiri mimi ni mkora wa simu. Hata Jacinta ni nani?"

Jacinta ni Simiti. Tulimwita hivyo kwa sababu hakuna mtu alimpita. Anauza omena Kabiro, nyuma ya kanisa. Hakuna anayemwita Jacinta tangu abatizwe. Timu yote ni hivyo. Chapo, Mrefu, Kasuku. Majina hayo yako kwa daftari langu la kapteni, na mahali kila mtu anakaa.

"Si ulikuwa na daftari?" akauliza.

"Ilinyeshewa."

Lilikuwa chini ya cherehani, nimelikanyaga kabisa na kiatu.

Neema akafungua mdomo. "Mama, si iko..."

"Kula ndizi."

Akala. Akinyi akasema pole. Akaniangalia kidogo, akaenda.

Nimefundisha mtoto uongo leo. Alipolala nilimwosha miguu na kitambaa cha maji moto. Hakuamka.

Jumatano, 13 Agosti

Netiboli wako watano. Kwaya wamepita thelathini, wanatuma sauti zao kwa grupu mpaka simu inaisha chaji. Kamati imesema kikundi kikikosa watu wa kutosha timu mbili, yaani kumi na nne, kufikia Jumatano ijayo, kitaunganishwa na kwaya.

Nilifurahi. Nilikula ugali wangu wote na wa Neema uliobaki.

Ijumaa, 15 Agosti

Akinyi ametangaza zawadi ya netiboli. Stoo ya vitambaa itakuwa chumba cha wanafunzi wenye watoto wachanga. Godoro, pazia, beseni, mlango wa kufunga. Ameandika: kuna mchezaji wetu alikuwa ananyonyeshea hapo juu ya mabaki ya vitambaa, na wiki mbili kabla ya mtihani akaambiwa achague, mtoto ama darasa. Simtaji.

Simtaji! Mtu mzima yeyote pale anajua ni mimi.

Amechukua wazo. Amechukua herufi. Sasa amechukua hata ile siku. Niliandika ujumbe mrefu wa matusi. Nikaufuta. Nikauandika tena. Mteja alikuja na koti, nikamshonea kifungo upande wa nyuma.

Halafu nikafikiria vizuri. Wakiunganishwa na kwaya, zawadi ni ya kwaya. Kwaya wanataka spika.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Nilitoa daftari nikitaka kulichana, niseme kweli liliharibika. Jalada lote ni michoro ya Neema.

Ukurasa wa kwanza ni mechi ya kwanza baada ya kujifungua. Mwandiko wangu. Upande mmoja jina, upande mwingine kazi ya mtu uwanjani. Simiti, kipa. Mrefu, kufunga. Mimi, C. Chini kabisa: Akinyi, mtoto.

Ukurasa wa pili, Akinyi, mtoto. Wa tatu. Wote.

Nani alikuwa anabeba Neema nikicheza? Nimekaa na hilo swali mpaka chai ikapoa. Alikuwa na magoti mazuri, Akinyi. Alikuwa anaruka. Siku za mazoezi nilimwona. Sikumpanga hata siku moja kwa sababu Neema alikuwa anamkubali yeye tu. Hakuniuliza. Na mimi sikumuuliza.

Bado nina wivu. Lakini sasa una aibu ndani.

Jumatatu, 18 Agosti

Nilifunga kibanda. Neema mgongoni ingawa amekuwa mzito, kwanza Kabiro. Simiti alinikumbatia na mikono ya omena. "Kapteni! Mbona hukuniita mapema?" Nikasema nilikuwa mjinga. Akasema hiyo si habari. Yeye mwenyewe akampigia Chapo, Chapo akampigia Kasuku.

Halafu Gatina, kwa mlango wa kioo. Nikaweka daftari juu ya meza ya kukatia.

"Haikunyeshewa."

"Najua," Akinyi akasema. "Siku hiyo nikienda Neema alinifuata nje. Akaniambia iko chini ya mguu ya mama."

"Na hukusema?"

"Ni yako."

Nikamuuliza kuhusu wazo. Hapo akaacha makasi.

"Hilo niliiba, Mwende. Niliogopa wakisikia ni la mtu hakumaliza, hawatasikiza."

Iliuma. Hajaniita Mwende tangu nizae. Nikamwambia, kwa upole lakini sikucheka, andika kwa grupu sasa hivi ni la nani, nikiwa nimesimama hapa. Akaandika. Neema alikuwa anajitazama kwa kioo.

Nikasema fulana zingine nitashona mimi. Sina zawadi nyingine ya kutoa.

Jumatano, 20 Agosti

Netiboli, kumi na tisa. Kwaya wamenyamaza kidogo.

Jumatano, 27 Agosti

Fulana saba kijani, pamoja na ya Akinyi, sita njano. Macho yanawasha. Ya njano ya C sijashona bado. Kitambaa chake nakishika, nakiweka chini tena.

Jumapili, 31 Agosti

Jana tulirudi chuo. Pilau iliisha.

Chumba kiko. Kinanuka rangi, pazia ni fupi, nimeahidi kulishusha upindo. Kuna msichana wa mwaka wa kwanza ana mtoto wa miezi mitatu. Nilimwona akivua viatu akae kwa lile godoro, halafu akafunga mlango kwa ndani. Nilisikia komeo.

Uwanjani wote walisogea waone nani atavaa C. Akinyi alikuwa ameikunja ile yake ya kijani, akaninyooshea. Nilimvalisha yeye, nikamgeuza nikamfunga mwenyewe kamba za mgongoni. Simiti akasema, "Hee, leo tutaona maajabu."

Tuliona. Akinyi alitembea na mpira mkononi mara tatu, na netiboli hairuhusu, refa akapuliza mpaka akachoka. Lakini mara moja aliruka, akaukamata juu kabisa, na uwanja wote ukasema aaa. Nilimwonea wivu hapo, vizuri kabisa. Nilikuwa kwa benchi na Neema, na kile kichanga cha yule msichana, na watoto wawili wa Chapo.

Kipindi cha pili nilivaa ya njano tukacheza naye uso kwa uso. Sitaandika nani alishinda.

Mtihani ule niliokosa ni Novemba. Akinyi anasema Neema anaweza kushinda dukani kwake Jumanne na Alhamisi, nikienda darasani. Nimesema nitafikiria. Nimeshafikiria.

Nimeandika mechi ya jana kwa daftari, kipindi cha kwanza. Akinyi, C. Mwende, watoto. Neema ameomba kalamu achore mpira. Nimempa ukurasa wa nyuma.