Kaka Amekataa Kulazwa, Anangoja Safari Niliyoibuni

Shangazi mpendwa,

Kabla sijaomba msaada, ujue anayekuandikia ni kinyozi ambaye hajazaliwa wa kumfikia, mimi nikimnyoa kipofu anaomba kioo, na hizo nywele zako za kwenye picha ya gazeti, nikizipata dakika kumi tu utaposwa upya. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini mdomo ninao, na mdomo huu ndio ulionifikisha hapa.

Nina kaka yangu, fundi seremala, ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufariki, ana kisukari, akakanyaga msumari karakanani na kidonda kikakataa kupona, akawa mtu wa kukaa kimya anatazama ukuta, basi nikaona nimchangamshe, kuna mteja wangu anafanya kazi ofisi ya kukatia tiketi za ndege, aliniachia kijitabu chenye picha za kisiwa kimoja cha Karibi, bahari kama imepakwa rangi, nikampelekea kaka nikamwambia huyu mteja kapenda mkono wangu mpaka katuandalia likizo, mimi na kaka, ndege na hoteli, bure.

Nilidhani atanifukuza. Akauliza, "Huko maji yana joto?"

"Kama chai iliyosahaulika mezani."

"Na kunyoa utaninyoa hukohuko?"

"Kaka, huko nitanyoa mpaka samaki."

Akacheka, na mimi kwa kusikia kile kicheko nikashindwa kurudi nyuma, kila jioni nikawa naongeza, chumba chetu kikapata baraza, baraza ikapata bembea, naye akaanza kututengenezea sanduku la mbao la safari, upande wake na upande wangu, katikati kaweka ubao eti nguo zake zisinuke mafuta yangu ya nywele. Wateja wake ameshawaaga. Shemeji amemtengea shati la kuvaa ndani ya ndege, likishika vumbi analifua upya. Wakiuliza tarehe nasema visa bado.

Sasa vidole viwili vya mguu vimekuwa vyeusi. Karakana inanuka, kaka anasema ni gundi, nami naitikia ni gundi.

Ila Shangazi, hizo tiketi za uongo sizo zinazoninyima usingizi. Daktari alimwambia alazwe, vikatwe vidole hivyo viwili, mguu upone. Kaka akatoka mle ndani akanishika bega, akaniuliza mimi aliyenilea, "Nikilazwa safari itatupita, mdogo wangu. Tuanze na lipi?" Nikamjibu, "Tusafiri kwanza."

Kinyozi

*

Kinyozi, nywele zangu ziache kama zilivyo.

Kutaka kumchekesha mgonjwa si kosa, na kwa siku ile ya kwanza sina neno nawe. Lakini alipotoka kwa daktari akakuuliza, hakuwa anatania, na ulijua. Uliogopa kuonekana muongo kuliko ulivyouogopea mguu wake. Hilo ni lako peke yako, usimsingizie mteja wala kijitabu chake.

Mwenye kisukari kidole kikishakuwa cheusi hakisubiri barua ijibiwe gazetini. Ungekuwa umeandika namba ya simu ningekupigia siku ileile. Sasa lifunge duka, hata kama kuna mtu umemnyoa nusu kichwa. Nenda karakanani, mwite na shemeji yako asikie, maana mkiwa wawili tu utageuza maneno. Sema hakuna tiketi, haikuwahi kuwepo, nimekudanganya. Usianze na mzaha na usimwahidi safari nyingine. Kisha mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, na vumbi lake la mbao.

Atakutukana. Huenda akakuambia usimguse. Basi shemeji amshike yeye, wewe tembea nyuma yao. Muombe msamaha baadaye, akiwa na nafasi ya kukukatalia.

Na jiandae, kijana. Inawezekana daktari akasema sasa si vidole tena, ni mguu. Atakaposema hivyo usitoke nje kupunga hewa. Kaa hapo hapo, usikie pamoja naye.