Zamu ya Dawa Mpya

Tawa,
2 Machi 1987

Mpendwa Kalunde,

Kuna jambo nimekuficha tangu ukiwa shule ya msingi: ile ripoti yangu kuhusu dawa za kutibu sumu ya kunyunyizia pamba si ya kuaminika.

Habari za Zombe, na watoto? Mimi moyo umechoka na miguu imevimba. Nimetibu watu wengi mno, siwezi kujidanganya maana yake.

Ndila, jirani yenu wa huko Zombe, alipopita hapa alikusifu kwamba umebandika maneno yangu ukutani pale kliniki: mgonjwa wa sumu apewe dawa ya PAM mapema, na atropini ipunguzwe. Yabandue. Kule hospitali ya misheni tulikubaliana kugawa dawa kwa zamu: mmoja atropini peke yake, anayemfuata atropini pamoja na PAM, ambayo ndiyo ilikuwa mpya, tuone nani anapona. Zamu niliivuruga. Kwa hiyo sijui kama PAM ilimponya mtu yeyote. Atropini naijua, hukausha maji kifuani. Usiipunguze kwa sababu yangu.

Baba yako mdogo,
Kiilu


Zombe,
11 Machi 1987

Baba Mdogo,

Salamu nyingi. Watoto ni wazima, mvua bado. Pole na miguu. Iinue juu ya mto ukilala.

Barua yako ilinikuta nikimtibu Musyoka, mkulima wa pamba, hapa kliniki. Nozeli ya bomba lake la kunyunyizia pamba sumu iliziba, akaipuliza kwa mdomo kama wanavyofanya wote huku. Mke wake, Mutindi, akaniambia, "Sista, huyu hata mafuta ya taa huyavuta na mpira mpaka ayaonje. Nilimwambia huo mdomo utamuua." Halafu akauliza polepole, "Atakufa?"

Nilikuwa nimempa PAM na atropini kidogo, kama ulivyoandika. Mboni za macho zilikuwa kama ncha ya sindano na kifua kinakoroma. Nilisoma mstari wako wa mwisho nikiwa nimesimama, nikaongeza atropini, nikaongeza tena, mpaka kifua kikakauka. Amepona. Mutindi sasa anamtukana vizuri tu.

Karatasi nimeibandua. Lakini hukusema zamu uliivuruga vipi. Baba alifia mikononi mwako wakati huo huo, kwa sumu hiyo hiyo, na Mama aliambiwa PAM imekwisha. Nataka kujua.

Binti yako,
Kalunde


Zombe,
20 Aprili 1987

Baba Mdogo,

Natumaini unaendelea vyema. Kondakta wa basi anaapa kwamba barua yangu aliitia mkononi mwa Mama Mdogo. Kama huwezi kuandika, yeye aandike. Kama hutaki, sema hutaki.

Mama amezeeka, na mpaka leo anaamini kwamba angemfikisha Baba mapema kidogo, dawa ingemkuta. Anajilaumu yeye.

Kalunde


Tawa,
9 Mei 1987

Kalunde mwanangu,

Nisamehe salamu ni fupi, mkono unachoka. Barua yako nililala nayo chini ya mto.

Mwambie mama yako asijilaumu. Alimfikisha Kivuva akiwa bado anaongea. Ndugu yangu hata alinitania: "Leo umenipata. Na usinidunge kama unadunga ng'ombe."

Zamu ya PAM ilikuwa yake.

Mwaka ule kanisani walikuwa wananisema, kwamba maziwa ya unga ya misheni nawapa watu wa nyumba yetu tu. Nilisimama mbele ya wazee nikakana, na ilikuwa kweli sikuwapa. Siku aliyoletwa baba yako, wazee wawili walikuwa wameketi pale barazani hospitalini. Walikuwa wamemleta mke wa shemasi, ana sumu vilevile, lakini hali yake ilikuwa afadhali. Niliona wananitazama nielekee kitanda kipi.

Nikampa mke wa shemasi PAM. Ndugu yangu nikampa atropini peke yake. Mama yule alipona, Kivuva akafa, nikawaandika hivyo hivyo, na ripoti ikasema dawa mpya ni bora. Kama ingemwokoa, sijui. Jumapili wazee walinishika mkono, nami nikajiona mtu wa haki.

Mama yako nilimwambia imekwisha. Haikuwa imekwisha. Kichupa kingine cha PAM kilikuwa mfukoni mwa koti langu, na pumzi zilipoanza kumkatika baba yako, nilikuwa nimekishika.

Mdogo wake baba yako,
Kiilu