Mwezi Hauna Tatizo

Jumatatu, 27 Januari

Chuoni: Takwimu asubuhi. Falsafa saa nne. Mchana Kompyuta: mashine tano, wanafunzi kumi na wawili, umeme hakuna. Mwalimu akachora kibodi ubaoni kwa chaki, tukawa tunaitwa mmoja mmoja kuonyesha herufi ilipo. Nina miaka arobaini na mmoja. Nimeacha chanja zangu za kuanikia dagaa mwaloni, ufukweni boti zinapofikia, nikaenda kugusa herufi za chaki.

Mvua tangu alfajiri. Dagaa wa jana hawajakauka. Binti yangu Shani ameanika, ameanua, ameanika tena, mpaka amenuna. Akinuna ni bibi yake mtupu.

Muhula wa mwisho huu. Nijikaze.

Jumatano, 29 Januari

Usindikaji wa Samaki. Somo pekee nililodhani nitapumua. Mwalimu Mgaya karudisha majaribio.

Swali la tatu: utajuaje dagaa amekauka vya kutosha kuhifadhiwa? Niliandika: mfumbate kiganjani. Akilia kama majani makavu, na kichwa kikikatika bila kuning'inia, yuko tayari. Akipinda, mrudishe juani.

Sifuri. Jibu linalotakiwa ni asilimia ya unyevu, na inapimwa kwa mashine. Mashine chuo kinayo moja, na betri haina.

Nikanyoosha mkono niulize. Akasema, "Mama, hapa si sokoni." Darasa zima likacheka. Watoto wa Tabora, Singida, Mbeya. Hawajawahi kushika dagaa mbichi, wananicheka mimi niliyeanika miaka kumi na minane.

Mwalimu mwenyewe kwao Njombe, huu mwezi wake wa nne Kigoma. Hajafika thelathini. Tukikutana njia ya Gungu ananiamkia shikamoo na kichwa kainamisha. Darasani nasimama kama nina kesi. Nimekasirika mpaka chai haikushuka.

Jumapili, 2 Februari

Leo sina somo. Nimeosha madaftari yaliyolowa matope, yaani nimeyafuta kwa kitambaa. Hata kuandika sawasawa siwezi kwa hasira.

Niandike hili ili nisijidanganye. Mwaka jana nilikosa wiki ya vitendo. Mama alifariki Ilagala wiki hiyo hiyo, nikaenda kuzika. Chuo kikanipa pole, kisha kikanirudisha muhula mzima, na Falsafa niliyokwisha kufaulu ndani yake. Kanuni iko wazi: asiyepata alama za vitendo mara ya kwanza anarudia. Mara ya pili anaondolewa. Miaka minne inakwenda na maji.

Kwa hiyo vitendo tu. Nikishika dagaa wabichi mbele ya mwalimu, nikawaosha, nikawatia chumvi, nikawaanika, nikawapima, basi nimemaliza. Kazi ninayoifanya kila siku nikiwa nimefumba macho.

Jumatano, 5 Februari

Mwalimu kaja na ratiba kutoka makao makuu ya chuo. Wiki ya vitendo: tarehe 10 hadi 14. Mwaloni, saa kumi na mbili asubuhi, kupokea dagaa wabichi kwenye boti zinaporudi.

Nikahesabu kwa vidole chini ya dawati. Tarehe 12 mwezi unakuwa mpevu. Wiki hiyo yote ni mbalamwezi. Nani anavua dagaa kwenye mbalamwezi? Dagaa wanafuata taa, na ziwa likiwa jeupe taa hawaioni. Wavuvi wote wanapandisha boti mchangani, wanashona nyavu, wanakaa na wake zao. Mtoto wa Ujiji analijua hili kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Ila kwenye darasa letu mtoto wa ziwani ni mimi peke yangu.

Nilitaka kusema. Wallahi mkono ulishaanza kunyanyuka.

Mwalimu akauliza, "Kuna mtu mwezi huu una tatizo kwake?" Alimaanisha Februari. Wenzangu wakasema hakuna. Akanigeukia mimi, maana anajua habari ya mwaka jana. "Na wewe Mama, mwezi hauna tatizo?"

Nikasema, "Mwezi hauna tatizo, Mwalimu."

Si alisema hapa si sokoni? Basi na aende mwaloni akaaibike. Akirudi atapanga tarehe nyingine, na mimi atanisikiliza. Nimerudi nyumbani nacheka peke yangu kwenye bodaboda, dereva akadhani nina kichaa.

Jumamosi, 8 Februari

Sicheki tena.

Nimesoma kitabu cha kanuni chote, jambo nililopaswa kulifanya Jumatano. Ratiba ya vitendo ikishapitishwa na makao makuu haisogezwi. Sampuli lazima iwe dagaa wabichi wa siku hiyo. Kozi isiyokuwa na alama itahesabiwa haijafanywa. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa mbalamwezi."

Shani kanikuta nimekaa na kitabu. Akauliza kama Jumatatu tutaanika mwezi. Nikamfokea. Mtoto wa watu hana kosa.

Nimemwandikia Mwalimu ujumbe mara tatu, nimefuta mara tatu. Nikimwambia leo ataniuliza kwa nini sikusema Jumatano. Ulimi umekuwa mzito. Mchimba kisima ndiye mimi, na ninakiona kilivyo kirefu.

Jumatatu, 10 Februari

Saa kumi na mbili mwaloni. Wanafunzi kumi na wawili, makoti meupe, mabeseni mapya. Boti zote juu ya mchanga. Hakuna harufu ya dagaa wabichi, ila ya lami wanayopaka kwenye nyufa.

Mwalimu akasimama maji yanagusa viatu, anatazama ziwani. Akasubiri nusu saa. Akaangalia saa. Akamuuliza Mzee Kabwe, mwenye boti nne, zinarudi saa ngapi. Mzee akaendelea kushona wavu wake. Akamwambia polepole, kwa Kiswahili chake cha Mwamgongo, kwamba boti hazijaenda popote, hata dagaa wenyewe wanajua ni mbalamwezi.

Kisha akaniona. Mzee Kabwe alifanya kazi na marehemu mume wangu, ananijua tangu nikiwa bibi harusi. Akasema, "Na mama Shani si huyu hapa? Hukuwaambia wenzio?"

Vichwa vyote vikageuka. Nikasema nilisahau.

Mimi. Nilisahau mwezi. Mzee alinitazama, akarudi kwenye wavu. Sijawahi kujidharau namna hii.

Jumatano, 12 Februari

Mwalimu ameenda mwaloni siku zote tatu. Ameuliza Ilagala kwa simu, ameuliza kila mahali. Kote jibu ni hilo hilo. Leo alikaa juu ya ubavu wa boti na ile fomu ya sampuli magotini, koti jeupe limeshika lami mgongoni, hakuna aliyemwambia.

Neema wa Singida kanishika mkono. Anajua kwamba wao watarudia na mimi nitaondolewa. Akanipa pole mpaka machozi yakamtoka. Nikapokea pole yake. Nimeipokea kama mwizi anavyopokea salamu.

Mwezi umetoka mkubwa, mweupe. Nikafunga dirisha.

Ijumaa, 14 Februari

Fomu imefungwa. Kumi na wawili, wote: hakuna sampuli.

Shani kasikia. Akaenda kugeuza dagaa kwenye chanja, wale wa akiba ya wiki iliyopita, kwa namna ile ile niliyomfundisha. Nikakaa jikoni nikalia. Nimelia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na hasira yenyewe sijui niielekeze wapi, maana kila nikiigeuza inarudi kwangu.

Jumanne, 18 Februari

Karani wa ofisi ya taaluma ni jirani yangu Ujiji. Kanisimulia mwenyewe, hakujua ananichoma.

Mwalimu Mgaya ameandika barua kwa makao makuu. Kaandika kwamba kosa ni lake yeye tu, alipokea ratiba bila kuuliza watu wa ziwani, na wanafunzi wasiadhibiwe kwa ujinga wake. Neno ni hilo, ujinga. Wamekubali. Vitendo vitarudiwa tarehe 24 hadi 27, kwenye giza. Yeye kapewa barua ya onyo, na bado yuko kwenye kipindi cha majaribio ya kazi.

Nilipaswa kufurahi. Nimepona. Mbona mdomo mchungu.

Alhamisi, 20 Februari

Nimekwenda ofisini kwake. Sikukaa. Nikamwambia nilijua. Jumatano ile nilijua, nilihesabu kwa vidole, nikanyamaza kwa sababu ya swali la tatu.

Alikuwa anapanga makaratasi. Akaendelea kuyapanga, yakiwa yamekwisha kupangika.

Akasema, "Nilikuuliza mwezi, Mama. Ukasema hauna tatizo. Usiku wa Jumatatu ndipo nikaelewa ulinijibu mwezi upi."

Basi alijua. Alijua kabla ya kuandika ile barua. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema angenitaja ningeondolewa, na yeye alikuja huku kufundisha. Alisema hivyo bila upole wowote. Hakusema amenisamehe. Nilipofika mlangoni akasema na yeye ile ya sokoni haikuwa sawa. Nikaitikia. Tukaachana hapo, kila mtu na chake.

Jumatano, 26 Februari

Giza safi tangu Jumatatu, boti zimejaa. Dagaa wanameta mpaka wenzangu wamesahau kuogopa harufu. Neema ana magamba kwenye nyusi.

Mvua ilitunyemelea saa saba. Tukafunika chanja kwa maturubai, jua likarudi, tukafunua. Wenzangu wakaanza kuniuliza mimi badala ya mwongozo. Nilijibu kila mmoja. Nilijibu hata wasichouliza.

Alhamisi, 27 Februari

Kupima. Betri imepatikana. Mashine ikasema dagaa wangu tayari. Nikawafumbata. Hawakulia vizuri, wawili walipinda. Nikamwambia Mwalimu hawa bado, mashine imechukua wa juu tu, wa chini wana maji. Akachimbua chini, akapima tena. Kweli bado.

Kwa fomu, sampuli isiyokauka inakatwa alama. Akazikata. Niliona kalamu yake. Akaniuliza mbona sikunyamaza tu, mashine ilishanipitisha. Nikasema kunyamaza nimeshajaribu.

Nimepata hamsini na nane. Somo ninalolijua kuliko yote, na ndilo lenye alama ndogo kuliko yote. Falsafa nina sabini na moja. Dunia hii.

Lakini nimefaulu.

Jumamosi, 1 Machi

Ujiji yote iko nje inatafuta mwezi. Shani kasimama juu ya kiti, jirani karani kapanda ukuta. Kama utaandama, kesho tunafunga. Nimeloweka maharage hata hivyo, bila kujua ni ya daku au ya chakula cha kawaida.

Chuo kimefungwa hadi muhula ujao. Madaftari nimeyaweka kwenye sanduku la Mama, juu ya kanga zake. La Usindikaji nimeliacha mezani, sijui kwa nini.

Simu ikalia ujumbe. Mwalimu Mgaya. Yeye si wa kufunga, ni Mkristo. Ameandika: "Shikamoo Mama. Mwezi umeonekana huko? Napanga ratiba ya wale wa mwaka wa pili."

Nikatoka mpaka ufukweni nitazame vizuri. Wingu limekaa upande wote wa Kongo.

Nikamjibu: Marahaba. Bado, kuna wingu. Ukionekana nitakuambia.