Mtawa Aliyeniuliza Habari za Chai

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Kiwanda cha Mikate.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Miguu je, bado inavimba? Na Baba Mdogo macho yanamsumbua? Mimi mwili mzima; mengine ndiyo ninayokuandikia.

Nasikia kaka amekwambia nimebadili dini. Unajua anavyotia chumvi. Nasali kama zamani. Ila nilikuwa nikienda kumsikiliza mtawa mmoja wa Kibudha, bibi mwenye kikohozi, aliyetoa mafundisho katika chumba kilicho juu ya duka la fundi viatu. Tangu mke wangu afariki, nikitoka kupiga pasi mashuka ya hoteli, sina hata wa kumwambia nimechoka.

Mwanzoni sikuambulia kitu. Tuliambiwa tufumbe macho, tufuate pumzi. Mimi nikafuata usingizi. Nilikoroma mpaka jirani akanifinya.

Siku moja mvua ikanyesha kweli kweli, tukawa wawili tu, mimi na mwalimu. Nikadhani atanirudisha nyumbani. Akavuta kiti. Nikajikaza nikamuuliza, "Mwalimu, upweke unaondokaje?"

"Wangu haujaondoka," akasema. "Mkeo alikuwa akipikaje chai?"

Nilishangaa, Mama Mdogo. Nikamweleza: majani mengi, sukari kidogo, kelele jiko zima. Nikaendelea mpaka sauti ikanikauka. Hakunipa pole, hakunikatiza. Mvua ikaisha, bado ananisikiliza.

Sasa amerudi kwao, anauguzwa na dada yake. Kaniachia vitabu vyake. Nasoma kidogo asubuhi kabla ya kazi, kisha nakaa kimya. Zamani redio ilikuwa haizimwi humu ndani. Siku hizi naizima. Ukimya unauma, sikufichi, ila nimeacha kuukimbia.

Ni yeye tu huku niliyewahi kumtajia mke wangu kwa jina. Kazini wakiniona wanaanza habari za mpira. Nanyi kwenye simu mnakwepa kumtaja. Najua ni huruma. Basi nakuomba, ukinipigia, usinipe pole. Nisimulie alivyokuwa akicheka jikoni kwako. Nitakaa nisikilize.

Nisalimie Baba Mdogo, shangazi mshonaji, na jirani yenu Kifupi pamoja na wanawe. Mungu awape afya na usingizi mwema.

Ni mimi mwanao, nikupendaye nikiwa mbali,

Kitindamimba wa dada yako